Kasha la feni sita na bado kompyuta inachemka: pima tundu kabla ya kuhesabu feni

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Niko Tanga, nahariri video za harusi kwa kompyuta ya mezani yenye prosesa ya Ryzen 5 5600 na kadi ya picha ya RTX 3060. Kasha lake lina kioo mbele na ubavuni, na feni sita za taa. Nikitoa video ndefu (kuigeuza faili lililokamilika), kadi inafika nyuzi 84, prosesa 88, na feni zinanguruma chumba kizima. Dukani wananishauri nichukue kasha jingine lenye feni saba, nalo ni la kioo mbele. Rafiki yangu anasema niondoe tu kioo cha ubavuni nielekezee feni ya mezani. Nifuate lipi? Na kasha lenye mzunguko mzuri wa hewa nitalijuaje nikiwa dukani?

Jibu: Ndugu yangu, kasha la feni saba liache hapohapo dukani. Feni ya saba ikikaa nyuma ya kioo itagombania hewa ileile ambayo hizi sita zako zimeshindwa kuipata, kupitia mwanya uleule mwembamba. Kasha hupimwa kwa tundu lake: hewa inaingilia wapi, tundu hilo lina ukubwa gani, na kati ya tundu na kadi kuna nini njiani. Feni zinafuata baada ya hapo.

Hata hivyo, usinunue hata kasha zuri kabla ya kuhakikisha kwamba kasha ndilo lenye kosa. Jaribio lake linachukua saa mbili na halina gharama.

Jaribio la kufanya kwanza

Pakua programu ya HWiNFO64, ni ya bure, kisha fungua ukurasa wake wa vihisi. Weka kipimajoto cha chumba karibu na kasha, lakini kisiwe nyuma yake inakotokea hewa ya moto. Chagua kazi moja ya video inayochukua angalau dakika 25 kutoka, na utumie hiyohiyo kila mara. Itoe mara tatu: mara ya kwanza kasha likiwa limefungwa kama kawaida, mara ya pili kioo cha mbele kikiwa kimeondolewa, mara ya tatu cha mbele kimerudishwa na cha ubavuni kimeondolewa. Kati ya zamu moja na nyingine iache mashine ipumzike robo saa. Kila zamu, andika joto la dakika tano za mwisho: la kadi, la prosesa kwenye mstari wa Tctl/Tdie, kasi ya kila feni, na joto la chumba. Halafu toa joto la chumba kwenye kila namba. Usipolitoa, nyuzi mbili zilizoletwa na jua la saa saba mchana utazihesabu kuwa kosa la kasha.

Kioo ukikiondoa kilaze juu ya godoro au kanga iliyokunjwa, kamwe si juu ya vigae. Kioo kilichoimarishwa huvumilia kugongwa usoni, lakini ukingo wake ukigusa kigae hata kidogo tu kinaweza kusambaratika chote kwa mara moja.

Sasa soma namba. Kama kuondoa kioo cha mbele kumeshusha kadi kwa nyuzi nane au zaidi, mbele pamezibwa na kasha ni la kubadilishwa au kutengenezwa. Kama cha mbele hakikuleta tofauti ila cha ubavuni kimeleta, kuna kasoro kwenye feni zenyewe: ni dhaifu, zimefungwa kinyume, au hewa ya moto haina pa kutokea. Kama tofauti haizidi nyuzi tatu kwa vyovyote, kasha halina hatia. Hapo tafuta vumbi lililogandamana kwenye mapezi ya hitisinki (chuma chenye feni kinachopoza prosesa), pesti ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa, au hitisinki iliyokazwa upande mmoja.

Kuna faida nyingine ya jaribio hili ambayo wengi hawaitumii. Namba unayopata mbele pakiwa wazi ni kama ahadi ya kasha jipya. Nyavu nzuri kuliko zote haziwezi kupitisha hewa zaidi ya uwazi mtupu, kwa hiyo kwa feni hizohizo, hapo ndipo utakapofika, au pungufu kidogo. Kama kadi imeshuka kutoka 84 hadi 75, unajua unanunua nyuzi tisa, na unaweza kuamua kama zina thamani ya fedha yako.

Jambo moja kuhusu prosesa yako. Ryzen 5 5600 huuzwa na hitisinki ndogo iitwayo Wraith Stealth, na kikomo cha prosesa hiyo ni nyuzi 90. Ukiwa bado unatumia hiyo, kasha peke yake halitakutoa kwenye 88 kwa umbali unaoutaka. Panga na hitisinki ya mnara yenye feni ya milimita 120. Kadi yako ina nafasi zaidi, kwa kuwa RTX 3060 imewekewa kikomo cha nyuzi 93. Haiungui ikiwa 84, ila hupunguza kasi kidogo kidogo na kuzungusha feni kwa nguvu. Ndiyo kelele unayoisikia.

Ndoo moja na robo ya hewa kila sekunde

Kadi yako inaruhusiwa kula wati 170. Prosesa, ikiachwa na mipangilio ya kiwandani, hufika 76. Ongeza mazabodi (bodi kuu inayounganisha vipande vyote), RAM, SSD na joto la pawa saplai (kifaa kinachogawa umeme ndani) yenyewe, unakaribia wati 300, na zote hugeuka joto ndani ya boksi. Ili wati 300 zitoke huku hewa ikipanda nyuzi 10 tu kati ya kuingia na kutoka, zinahitajika lita 26 hivi za hewa kila sekunde, yaani ndoo ya maji ya lita 20 na robo yake. Kwa kipimo kinachoandikwa kwenye maboksi ya feni, CFM, yaani futi za ujazo kwa dakika, hiyo ni kama 54.

Feni moja ya maana ya milimita 120 huandikwa CFM 50 hadi 60. Ungedhani basi moja inatosha. Tatizo ni kwamba namba hiyo hupimwa feni ikiwa haina kitu mbele wala nyuma yake. Ikiwekwa nyuma ya chujio, nyavu na kona, kupoteza nusu ni jambo la kawaida, na nyuma ya kioo kilichobana hupoteza zaidi. Na hesabu haina huruma: hewa ikipungua nusu, joto lake linapanda maradufu. Chumba chako cha Tanga kikiwa nyuzi 32, hewa ndani ya kasha linalopumua itakuwa kama 42. Ndani ya lililozibwa, 52. Kadi haipozwi na hewa ya chumbani. Inapozwa na hiyo ya 42 au ya 52, na zile nyuzi kumi zinahamia kwenye kadi karibu zote.

Ndiyo maana mashine hiihii ikipelekwa Nairobi kwenye chumba cha nyuzi 22 ingeonyesha 74 hivi, na mwenye nayo angelisifu kasha. Ukisoma vipimo vya kasha mtandaoni, angalia kama joto limetolewa kama nyongeza juu ya chumba au kama namba tupu. Ikiwa ni namba tupu kutoka chumba cha nyuzi 21 au 22, ongeza kumi kabla ya kuijadili ukiwa pwani.

Rula dukani

Nenda na rula na tochi ya simu. Tundu la feni moja ya milimita 120, ukitoa kitovu cha katikati, lina uwazi wa kama sentimita za mraba 90. Feni tatu za mbele, basi, zinahitaji 270. Sasa pima kasha la kioo: hewa inaingia kwa mianya miwili ya pembeni, kila mmoja una urefu wa sentimita 40 na upana wa sentimita moja. Mbili mara arobaini mara moja ni 80. Feni tatu zinavuta kupitia chini ya theluthi ya zinachohitaji, na juu ya hapo hewa inapinda kona kali kabla ya kuzifikia. Hesabu hiyo inafanyika hapohapo kaunta, na hakuna muuzaji anayeweza kubishana nayo.

Kasha la bati la matundu nalo lipimwe, maana si kila tundutundu ni njia. Pima kipenyo cha tundu na umbali kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya jirani yake. Matundu ya duara yenye kipenyo cha milimita 1.5 yakipishana kwa milimita 2.5 yanaacha wazi theluthi moja tu ya bati. Yakipishana kwa milimita 2 yanaacha wazi nusu. Uso wa sentimita 20 kwa 40 una sentimita za mraba 800, kwa hiyo hata ule wa theluthi unakupa kama 265, na wa nusu unakupa 400. Yote mawili yanafaa, kioo hakikaribii.

Kisha angalia kilicho nyuma ya bati. Makasha kadhaa yana bati la matundu, nyuma yake chujio la sponji, halafu plastiki yenye matundu yasiyolingana na ya bati. Kila tabaka lina uwazi wake, lakini yakipangana yanazibana. Vua uso wa mbele (karibu yote hutoka kwa kuvutwa kutoka chini), umulike tochi upande wa ndani, utazame kwa nje. Mwanga ukipita kwa wingi katika eneo lote lililo mbele ya feni, hewa itapita. Ukiona vidoti vya mwanga pembeni tu, rudisha kwenye rafu. Muuzaji akikataa usivue uso wa kasha analouza, nenda duka la pili.

Mfano ulio wazi ni Corsair 4000D, iliyotoka mwaka 2020 kwa sura mbili: moja ya bati zima mbele, nyingine iitwayo 4000D Airflow yenye bati la matundu. Mifupa ni ileile, na tofauti ni ule uso tu. NZXT nao walikuwa na H510 ya uso uliofungwa, wakaifuatisha na H510 Flow ya uso wenye matundu. Kwenye matangazo majina haya huandikwa nusunusu, kwa hiyo soma lebo ya boksi hadi neno la mwisho na uangalie picha ya mbele. Ukipata 4000D isiyo na neno Airflow, umepata kaka yake asiyepumua vizuri.

Kuna aina ya tatu, ile ya kioo mbele na kioo ubavuni mfano wa tangi la samaki, kama Lian Li O11 Dynamic. Hizi hazikutegemea mbele tangu mwanzo, kwani huvuta kutoka chini na kutoka ubavu wa nyuma ya mazabodi. Zinafanya kazi vizuri kabisa, kwa sharti kwamba feni za chini zinawekwa kweli (mara nyingi kasha linauzwa bila hata moja) na miguu imeinuka vya kutosha. Pima chini: ukikuta chini ya sentimita mbili kati ya kasha na meza, feni za chini zitanyimwa hewa kama zako zinavyonyimwa sasa. Kama hilo la feni saba ni la aina hii, muulize muuzaji ni ngapi kati ya saba ziko chini na zinavuta. Mashine ikiwashwa, hakiki kwa karatasi ya chooni, kama nitakavyoeleza hapo chini.

Feni: ngapi, wapi, zinaelekea wapi

Kwa wati 300 za kwako, feni tatu za milimita 120 mbele au mbili za milimita 140, zikiingiza, na moja ya 120 nyuma ikitoa, zinatosha. Unaweza kuongeza moja juu, sehemu ya nyuma kabisa, nayo itoe. Usiweke ya kutoa juu upande wa mbele. Hewa baridi ikiingia tu inanyakuliwa na kutupwa nje kabla haijafika kwenye prosesa, nawe unafurahia feni inayozunguka bila kazi.

Feni iliyo muhimu kuliko zote kwako ni ile ya chini mbele, kwa sababu ndiyo inayolisha kadi. Angalia njia yake. Fremu ya diski za zamani mara nyingi hukaa palepale. Kama hutumii diski za inchi 3.5, chagua kasha ambalo fremu hiyo inafunguliwa kwa skrubu, uitoe. Kati ya feni za kadi na sakafu ya ndani, lile boksi linalofunika pawa saplai, pabaki sentimita tatu au nne. Kadi ikikaribia kuigusa, inavuta hewa yake yenyewe iliyokwisha kuchemka.

Mwelekeo ndio kosa linalokuta mashine nyingi. Hewa hutokea upande wenye mikono ya plastiki inayoshika mota. Upande wa wazi, ule mzuri wenye taa, ndio unaovuta. Feni za mbele zikifungwa mikono ikitazama ndani, zinaingiza. Lakini feni za juu na ya nyuma, ambazo huonyesha mikono kwa nje, mafundi wengine huzigeuza ili taa ionekane vizuri kwa nje, na hewa inakwenda ilikoelekezwa na taa. Chukua kipande cha karatasi ya chooni, pitisha kwenye kila feni, uone kama kinavutwa au kinasukumwa. Fanya hivyo leo kwa hizo sita zako, kabla ya jaribio la video.

Zitazame pia plagi zake. Makasha mengi ya bei nafuu yana feni zenye plagi ya pini sita inayoingia kwenye kisanduku chake chenye rimoti, na kisanduku kinachukua umeme moja kwa moja kutoka pawa saplai. Feni hizo huzunguka kwa kasi moja siku zote, mazabodi haizioni, na ikifa moja huwezi kuibadilisha kwa ya aina nyingine. Feni unayoitaka ina plagi ya pini nne, inayoitwa PWM, ambayo mazabodi huiongezea na kuipunguzia kasi. Ya pini tatu inakubalika, ila ingia BIOS (mipangilio ya mazabodi inayofunguliwa mashine inapowaka) uweke sehemu yake iwe DC, vinginevyo itakimbia kwa kasi yote. Tundu la feni kwenye mazabodi kwa kawaida huvumilia ampea 1. Soma ampea kwenye kibandiko cha feni, jumlisha, na feni tatu za 0.15 zitakaa kwenye tundu moja kwa waya wa kugawa bila wasiwasi.

Waya wa taa ni habari nyingine, na hapa pana hatari ya kweli. Taa za pini tatu ni za volti 5, za pini nne ni za volti 12. Za volti 5 zikilazimishwa kwenye tundu la 12 zinaungua papo hapo. Tazama maandishi kwenye mazabodi, si rangi ya waya.

Ukinunua feni za kuongeza mbele, ambako kuna chujio, CFM si namba pekee ya kuangalia. Kuna shinikizo, linaloandikwa kwa milimita za maji. Tafuta 2 au zaidi kwa kasi ya juu kabisa. Arctic P12 ina 2.2, Noctua NF-P12 redux-1700 ina 2.83. Feni ya taa isiyoandikwa namba hiyo popote, ichukulie kama taa.

Vumbi na chumvi ya pwani

Sasa ushauri wa rafiki yako. Kuondoa kioo cha ubavuni na kuelekeza feni ya mezani kunashusha joto, ni kweli, na kama njia ya kumaliza kazi ya usiku mmoja sina ugomvi nayo. Kama maisha ya kila siku, hapana. Feni ya mezani haichuji kitu, na ndani ya wiki chache mapezi ya hitisinki yanashonwa na vumbi hadi unarudi ulikotoka. Mende na mijusi hupenda ujoto, na mjusi mmoja akikatiza mgongo wa kadi iliyowashwa anaweza kuiunguza kadi nzima.

Unachotaka ni hewa inayoingia kupitia machujio izidi kidogo inayotolewa, ili mianya mingine yote ya kasha isukume nje badala ya kufyonza vumbi. Ndiyo sababu nimekupa tatu mbele kwa moja au mbili za kutoa. Pima kwa karatasi ileile kwenye vibati vya matundu nyuma, chini ya kadi. Ikisukumwa nje, uko sawa. Ikifyonzwa, punguza kasi ya feni za kutoa.

Chujio la mbele na la chini ya pawa saplai litoke bila kufungua skrubu. Hili nalitilia mkazo kuliko taa, kuliko kioo, hata kuliko idadi ya feni, kwa sababu chujio ambalo ni kazi kulitoa halisafishwi, na chujio lisilosafishwa ni kioo cha pili. Nyumba ikiwa karibu na barabara ya vumbi, lisafishe kila wiki mbili. Lioshe kwa maji na sabuni, ulianike kivulini likauke kabisa, ndipo lirudi. Ndani, pulizia kwa blowa ya mkono ukiwa nje ya nyumba, na kila feni uishike kwa kidole isizunguke, maana ikikimbizwa na blowa inaharibu beringi. Usiipeleke kwenye kompresa ya wajaza matairi. Hewa yake inabeba maji na mafuta, na hiyo ndiyo itakayobaki kwenye mazabodi.

Kwa hewa ya chumvi ya Tanga, pitisha kidole kwenye kingo za bati kwa ndani. Kingo zilizokatwa bila kupakwa rangi ndizo zinazoanza kutu, kisha skrubu. Bati la milimita 0.7 au 0.8 lina uhai, la 0.5 linapinda ukilibonyeza kwa gumba na hunguruma pamoja na feni. Usiliweke kasha mkabala na dirisha linalotazama bahari.

Vipimo vya kuandika kabla ya kutoa fedha ni vitatu tu. Urefu wa kadi yako, pima mwenyewe kwa rula (RTX 3060 za feni mbili nyingi ziko karibu milimita 240, za feni tatu huzidi 280), na kumbuka feni za mbele zinakula milimita 25. Kimo cha hitisinki: za mnara kama DeepCool AK400 zina milimita 155, kwa hiyo kasha liruhusu 160 au zaidi. Na saizi ya mazabodi: ATX ni 305 kwa 244, micro-ATX ni 244 kwa 244. Micro-ATX inaingia kwenye kasha la ATX bila shida.

Nikitaja ya kutafuta kwa majina: 4000D Airflow, inayopokea kadi ya hadi milimita 360 na hitisinki ya 170, ila huja na feni mbili tu, kwa hiyo tenga fedha ya mbili zaidi; Lian Li Lancool 216, yenye mbili za milimita 160 mbele na moja ya 140 nyuma, ambayo hutahitaji kuiongezea kitu; na Montech Air 903 Max, yenye tatu za 140 mbele na moja nyuma. Fractal Design Torrent yenye mbili za milimita 180 na tatu za 140 ni nzuri sana, lakini kwa wati 300 zako ungekuwa umenunua lori la kubebea gunia moja. Ukikosa zote, kasha lisilo na jina lililofaulu rula na tochi litakufaa.

Kama fedha haipo mwezi huu

Kitazame kioo chako cha mbele. Ikiwa kimeshikwa na skrubu nne za kona, unaweza kukisogeza nje. Kata vipande vinne vya bomba jembamba la plastiki vya sentimita mbili, tafuta skrubu ndefu zaidi kwa sentimita hizohizo mbili, na urudishe kioo juu ya vipande hivyo. Ule mwanya wa sentimita moja unakuwa wa tatu, na zile sentimita za mraba 80 zinakuwa 240. Weka nyavu laini za dirishani mbele ya feni, zibane vizuri pembezoni, maana sasa vumbi nalo limepata mlango mpana.

Kasha lisikae ndani ya kabati la meza. Liache sentimita 15 kutoka ukutani upande wa nyuma, na lisiwe juu ya zulia, kwa kuwa pawa saplai huvuta kutoka chini.

Ukishamaliza, limebaki suala la kasi. Mazabodi huzungusha feni za kasha kwa kufuata joto la prosesa, na kazi ya video ikielemea kadi, feni za mbele zinabaki zimelala huku kadi ikichemka. Programu ya bure ya Fan Control kwenye Windows inaweza kuzifanya zifuate joto la kadi. Anza na asilimia 40 kadi ikiwa nyuzi 40, asilimia 60 ikiwa 60, na asilimia 85 ikiwa 75, kisha rekebisha kwa sikio lako. Rudia ile kazi ya video ya mwanzo, andika namba pamoja na joto la chumba, na ubandike karatasi hiyo ndani ya kasha. Baada ya miezi sita irudie tena. Kama tofauti na chumba imepanda nyuzi tano, toa machujio uyatazame kabla ya kitu kingine chochote.